Pua ya Kabari

Gari lenyewe lilitengenezwa Italia, miaka hamsini na kitu iliyopita, kwa ajili ya mashindano, na yaliyobaki hayajazi hata uwanja wa shule. Sisi tunaliita Kabari kwa sababu ndivyo lilivyo: mbele jembamba, nyuma nene, kama kabari ya kupasulia kuni. Mtu wa kawaida hawezi kulinunua, kwa hiyo watu wa kawaida tunajitengenezea. Unachomelea chesi, yaani fremu ya chini, ya mabomba, unatia injini ya gari lingine la Kiitaliano lililoliwa na kutu, juu yake unavika bodi ya faibaglasi. Bodi nazitengeneza mimi, katika karakana yangu hapa Bilston, Uingereza. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, na tangu hapo ninajikuna tu, maana vumbi la faibaglasi likishaingia mwilini halitoki.

Wateja wangu ni wa namna mbili. Wako wanaotaka kuliendesha, na wako wanaotaka lifanane na lile la Italia. Wa kwanza wanamaliza. Neville Pargeter alikuwa wa pili.

Neville ni fundi wa boila, mtu mpole, mrefu, na alikuwa na Kabari lake gerejini miaka tisa. Kila likikaribia kwisha anagundua kwamba swichi fulani si yenyewe, au rangi ya zulia imezidi wekundu, anabomoa. Sikumlaumu. Kila anachobomoa ananunua kingine kwangu.

Mwaka ule mama mkwe wake, Bi Edna, alianguka ngazini akavunjika nyonga. Maureen, mke wa Neville, akakata shauri. Nilikuwepo jikoni kwao alipolisema.

"Neville, mafundi wa ujenzi wanakuja baada ya Pasaka. Gereji inakuwa chumba cha mama. Gari lako likiwa na namba, lipaki mbele ya nyumba, hata turubai nitalinunulia mwenyewe. Likiwa halina namba, hicho ni chuma chakavu, na mimi chuma chakavu kwenye maua yangu sitaki. Linauzwa."

"Maureen, mpenzi..."

"Usinipenzipenzi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Des, wewe ni shahidi."

"Shemeji, mimi nimekuja kunywa chai tu."

"Basi kunywa huku unashuhudia."

Gari la kujitengenezea halipewi namba mpaka lipite kwa mkaguzi wa serikali. Anapima breki, moshi, taa, mikanda, na anapitisha kidole kwenye kila ukingo kuona kama unaweza kumkata mtu. Hapo kwenye kingo sote tunadanganya hadharani. Unabandika mpira kila mahali, gari linavimba kama limeng'atwa na nyuki, linafaulu, halafu ukitoka nje ya geti unasimama kando na kuubandua wote. Wakaguzi wanajua. Ndani ya geti ni sheria, nje ya geti ni shauri lako.

Mwezi wa pili Kabari la Neville lilikuwa tayari. Nililizunguka nikakosa cha kusema, na mimi si mtu wa kukosa cha kusema. Akapanga siku ya ukaguzi, wiki ya kabla ya Pasaka. Ilikuwa imebaki kubandika mpira na kukaa kimya.

Hapo ndipo aliposikia habari za Bwana Rowland Maddocks, mwenye mashamba karibu na Ludlow, ambaye alikuwa na Kabari lenyewe, la Italia, ghalani kwake, na hakuwa na kiburi. Ukimwomba anakuonyesha.

"Usiende," nilimwambia Neville.

"Nikalione tu. Nipime vitu viwili vitatu."

"Neville, lile ni kama mke wa mtu. Ukimkodolea sana utarudi kwako na kisirani."

"Njoo na futikamba yako ndefu," akasema.

Tukaenda. Bwana Maddocks alitupokea na buti za matope, akatupa chai na vipande vya keki ya matunda, akavuta mlango wa ghala. Lilikuwa pale, jekundu, lina vumbi. Neville hakuligusa kwanza. Alivua saa ili asilikwaruze. Kisha akatandaza uzi, akaweka pima maji, akaanza.

Alipima vizuri hadi alipofika puani. Pua tunaita kipande chote cha mbele, chenye taa. Kimeshikwa na bawaba, kinafunguka chote mara moja na kinaweza kung'olewa na watu wawili. Neville akapima taa ya kulia, akapima ya kushoto. Akarudia. Akaniita.

"Shika hapa. Soma."

Nikasoma. Taa ya kushoto ilikuwa chini kuliko ya kulia, na imeingia ndani, kwa kiasi cha unene wa kidole gumba.

"Limegongwa," nikasema.

Akaingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka akazima tochi. "Halijagongwa. Hakuna kiraka, hakuna mchomeleo wa pili. Lilizaliwa hivi."

"Basi mzee mmoja huko Italia alikuwa anawahi kula."

Bwana Maddocks akasogea, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mnasema kweli?" akauliza. "Nimekuwa nalo miaka ishirini."

Njia nzima kurudi Neville alikuwa anasoma upya vipimo alivyoandika. Nikajua.

"Usikate," nilimwambia tulipofika kwake.

"Sijasema nitakata."

"Gari lako limenyooka. Kila mtu angependa liwe limenyooka. Ukaguzi huo hapo. Maureen huyo hapo."

"Des, ni bora kuliko lenyewe. Huoni ubaya wake? Nimetengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo."

Kesho yake akanipigia simu. Alikuwa ameshapitisha grainda kwenye pua, amezihamisha taa, na sasa kingo hazikutani. Nilikwenda nikamtukana, kisha nikavaa glavu. Kazi mbovu ya faibaglasi yenye bodi yangu chini yake ingenitangaza vibaya. Tukaijenga upya, tukaipiga msasa, tukaipaka rangi. Ilipokwisha, gari lilikuwa linakutazama kama mtu anayetaka kukuuliza swali.

Siku ya ukaguzi tulilipakia kwenye trela, limebandikwa mpira mwili mzima. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa Kipunjabi, Bi Sandhu, mzaliwa wa Wolverhampton, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia. Breki zikapita. Moshi ukapita. Alipitisha kidole kwenye mipira akaguna tu. Kisha akaenda mbele, akasimama.

"Taa zako haziko sawa, bwana."

"Najua," akasema Neville. "Ndivyo zinavyotakiwa ziwe."

"Zinatakiwa na nani?"

"Na gari lenyewe. Lile la Italia liko hivi. Nimelipima kwa mkono wangu."

Bi Sandhu akavaa miwani. "Lile la Italia liko wapi?"

"Ludlow."

"Basi niletee, nalo nitaliangusha." Akaandika. "Zipangilie, urudi. Naweza kukuona wiki mbili baada ya Pasaka."

Baada ya Pasaka ndiyo ilikuwa siku ya mafundi.

Maureen alikuwa mlangoni tuliposhusha trela. Hakuuliza. Mtu akifaulu hashushi gari akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa sababu gani?" akamwuliza mumewe.

"Taa."

"Taa zile ulizozikata mwenyewe? Zile zilizokuwa nzuri?"

"Zilikuwa zimenyooka."

"Neville Pargeter, mama yangu analala kwenye kochi, anajisaidia kwenye ndoo, na wewe unaniambia taa zilikuwa zimenyooka." Hakupaza sauti. "Jumanne mafundi wanaingia. Litafutie mtu wa kulinunua, au nitamtafuta mimi."

Karakana yangu ilikuwa imejaa bodi za watu. Nje sikuthubutu kuliweka. Bilston kitu chenye magurudumu hakilali nje kikakutwa asubuhi. Tulipiga simu kwa wenzetu wote, na kila mmoja alitucheka kwanza kisha akasema hana nafasi. Mmoja alikuwa tayari kulinunua, na Neville aliposikia jina lake akakaa chini, maana jamaa yule huwa anavitoa vioo na kupachika mabawa nyuma.

Jumamosi Bwana Maddocks akanipigia mimi, si Neville.

"Tangu mmeondoka silali vizuri," akasema. "Nikifungua ghala sioni gari, naona lile jicho tu. Mke wangu ananicheka. Nasikia wewe una kalibu la pua. Nitengenezee moja iliyonyooka."

"Unataka kuvisha gari la Italia pua yangu?"

"Ya zamani nitaihifadhi. Nataka tu niweze kulitazama."

Nikafikiri kidogo tu. "Ghala lako lina nafasi ya gari la pili? Kwa majuma machache?"

"Lina nafasi ya ng'ombe arobaini."

Nikamwendea Neville. Alikuwa gerejini, anakusanya spana zake kwenye ndoo. Nikamweleza yote: nitatoa pua mbili kwenye kalibu moja, moja ya Maddocks, moja ya Neville ya kwendea kwa Bi Sandhu. Kabari lake litakaa Ludlow mpaka siku hiyo. Nilidhani atanikumbatia.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Lile ndilo pekee najua liko hivyo. Maddocks asingejua kama nisingepima. Sasa nikalivishe ya kwako?"

"Ya kwangu ina kasoro gani?"

"Haina. Ndiyo maana."

"Sikiliza, bwana mkubwa. Maddocks atainyoosha. Nisipomfanyia mimi atamfanyia mwingine, tena vibaya. Wewe unachochagua ni gari lako tu. Linakwenda Ludlow au linakwenda kwa yule wa mabawa?"

Alikaa juu ya ndoo ya spana. Ndani tulimsikia Bi Edna akiita, na Maureen akimwitikia, na miguu ikipita ukumbini. Neville akasikiliza mpaka miguu ikanyamaza.

"Nitamwomba asiivue," akasema. "Akikataa, basi."

Jumapili tulilipeleka Kabari lake Ludlow. Neville akamwomba kweli, amesimama katikati ya ghala kama mwanafunzi aliyechelewa. "Bwana Maddocks, usiivue. Ile ndiyo alama ya mkono wa aliyelitengeneza. Haiko kwingine."

"Kwako ni rahisi," akasema Bwana Maddocks, bila hasira. "Lako unalikata utakavyo, ukikosea unajenga jingine. Mimi ninalo hili hili. Nimezeeka nalo na ghafla naona lina ulemavu. Umenionyesha wewe."

Neville akageuka kulitazama la kwake. Kuna vitu mtu akishakuonyesha hawezi kuvichukua tena.

Nilizitoa pua mbili kwenye kalibu, pacha, ukizilaza sakafuni huwezi kujua ipi ni ipi. Tulipozipeleka, Bwana Maddocks hakuweza kushika bawaba, mikono yake ina baridi yabisi. Mimi mgongo wangu ulikuwa mbovu. Ni Neville aliyelala chini ya gari la Italia akafungua boliti alizozikuta hazijafunguliwa tangu zilipofungwa. Alifanya kazi polepole, na kila boliti aliipangusa akaiweka kwenye kitambaa. Tulipoinua pua ya zamani aliibeba yeye upande mzito, akailaza kwenye majani makavu, akaifunika kwa blanketi. Kisha akalivisha ya kwangu, na pacha wake akalivisha Kabari lake; ile iliyopinda nikairudisha karakana. Zilikaa sawasawa.

Bwana Maddocks akatazama, akatoa pumzi. "Sasa," akasema.

Neville akatoka nje kuvuta hewa.

Wiki mbili baada ya Pasaka tukalipeleka, na Bi Sandhu alitukumbuka. Akaenda moja kwa moja mbele, akapima kulia, akapima kushoto, akavua miwani.

"Umeona? Haikuwa vigumu."

"Hapana, mama," akasema Neville.

Likafaulu, tukalirudisha ghalani kwa trela kusubiri namba. Siku zilizofuata Neville akalisajili na kulikatia bima, namba zikapatikana. Tukarudi Ludlow kulichukua, safari hii halipandi trela. Maureen alikuja nyuma yetu na gari lake dogo, kwa sababu alisema hataamini mpaka alione likitembea barabarani kwa miguu yake lenyewe.

Ndani ya ghala magari mawili yalikuwa yamesimama ubavu kwa ubavu, mekundu, yamenyooka, pua zote mbili za kwangu. Bwana Maddocks alifurahi. Akapendekeza yapigwe picha. Neville akasema asante, labda siku nyingine, akaliondoa la kwake taratibu, akapita geti la shamba, akasimama kando ya barabara ya lami.

Mipira ya ukaguzi ilikuwa bado haijabanduliwa, na nje ya geti ndipo tunapoibandua. Nilisimama nyuma yake na gari langu la mizigo nikashuka kumsaidia. Akabandua mmoja mmoja, akanirushia. Alipomaliza akaja akafungua mlango wa nyuma wa gari langu. Pua yake ile ya kengeza, tuliyoijenga upya kwa mikono yetu, ilikuwa mle. Aliniambia asubuhi niipakie na sikuuliza.

"Nishikie upande huo," akasema.

"Mgongo wangu."

"Mgongo wako ulikuwa mzima baa juzi. Shika."

Tukang'oa iliyonyooka, tukavisha iliyopinda. Ilikuwa inaanza kunyesha. Maureen akasimamisha gari lake, akashuka na mwavuli, akaja mbele, akalitazama kwa muda.

"Si limefaulu?"

"Limefaulu."

"Mbona sasa lina kengeza?"

"Ndivyo lilivyo," akasema Neville.

"Lipi? Lile la ghalani nimeliona, limenyooka."

Neville akatazama nyuma kuelekea ghala, kisha akafuta matone kwenye taa ya kushoto kwa kiwiko.

"Hili," akasema.

Maureen akafunga mwavuli. Miaka tisa hakuwahi kuingia ndani ya lile gari hata mara moja. Akanipa funguo za gari lake, kana kwamba sina la kwangu la kuendesha, akainama, akaingiza mguu mmoja, akakwama.

"Nisogezee hiki kiti, wewe," akamwambia. "Na uende polepole. Mama anataka chai yake."