Chuma Ndani ya Ndizi

Choo cha Rozi kilitoka cheusi kama masizi ya sufuria, na daktari akaniuliza mbele ya wodi nzima mwanangu nimempa dawa gani ya kienyeji.

"Sijampa kitu."

"Basi anavuja damu tumboni."

Ng'ambo ya kitanda, wifi wa Rozi, Paskazia, alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua macho. Kaka yake, mume wa Rozi, tulikuwa tumemzika kwao Kagoma. Vita vya Amini vilimrudisha mzima, Juliana akammaliza. Ndivyo tulivyouita ukimwi siku hizo, kwa jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Tangu matanga yale, mimi na Paskazia tulisalimiana kwa kidevu.

Sista Benigna, muuguzi wa wodi, alishanieleza taratibu, maana shule mimi niliishia darasa la tatu. Damu ya Rozi ni kidogo, kweli, lakini vidonge vya chuma, vile vya kuongeza damu, asipewe kwanza. Homa ikiwaka hivi, vijidudu ndivyo vinavyotangulia kukila hicho chuma. Apewe zinki kwa ajili ya kuhara, chuma kingoje. Tena chuma, alisema, hugeuza choo kuwa cheusi.

Nikavuta bakuli la ndizi alizopika Paskazia, nikazivuruga kwa vidole. Vipande vyekundu vya vidonge, vile vya wajawazito kliniki.

"Unamuua upate kibanja cha mumewe," nikamwambia.

"Kibanja ni chetu tangu babu, mama. Wewe ndiye unayemnyima damu. Heri umzike kwako kuliko apone arudi kwetu."

Nikamkamata kanga shingoni. Wagonjwa wakajiinua kutazama.

"Mwache wifi yangu." Rozi alisema kwa shida. "Nilimwagiza mimi. Nikiwa na mimba ya Celina, vidonge hivyo ndivyo vilivyonisimamisha. Wewe unamsikiliza sista tu. Mimi hujaniuliza."

Ningeweza kunyamaza. Nilimpelekea sista lile bakuli, nikasema yule mwanamke asikanyage tena hapa. Paskazia akatoka, akatema mate kizingitini. Rozi akageukia ukutani. Zinki aliimeza kwa mkono wa sista. Kwangu alifumba mdomo.

Homa ilishuka. Akapewa chuma, akasimama, akarudi Kagoma kwa Paskazia na mjukuu wangu Celina, akaishi misimu miwili ya kahawa. Kila nilipokwenda kumwona alitoka nje, akapiga magoti, akaniamkia kwa heshima zote. Kisha aliniletea kiti cha wageni.