Mara Mbili Begani

Nilikaa nyuma ya pikipiki ya Mutinda miaka kumi na moja, na sikuwa abiria wa kunyamaza. Tukikaribia tuta, namgonga bega la kushoto mara mbili, yaani punguza mwendo. Alikuwa ananung'unika, "Mama Maxine, macho ninayo," lakini anapunguza.

Siku aliyoanguka sikuwa nyuma. Nilibaki nyumbani nikifua nguo. Alilipanda tuta la pale kanisani bila kuliona, na mguu ukavunjika mahali pawili. Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, tena sikujionea huruma.

Mfupa ukaungana, goti likakataa kukunjika. Daktari wa Thika alitaka afike kila Jumanne kufanyishwa mazoezi, la sivyo litabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Sasa, kutoka kwetu huku ndani ya Murera hadi lami, ni pikipiki tu. Mutinda akaapa hapandi pikipiki ya mtu yeyote tena. Jumanne ya kwanza akakosa, ya pili akakosa. Anashinda mlangoni na magongo yake akitazama barabara. Nilimpenda huyo mwanaume, na nilitamani kumzaba kofi.

Basi nikaenda Mugutha nikajiandikisha kwa mafunzo ya wanaoanza kuendesha pikipiki, mimi wa miaka arobaini na nane, katikati ya vijana. Mwalimu wetu aliitwa Mwas, naye alikuwa mdogo kuliko Maxine wangu.

Kuzunguka tairi kuukuu nikichora nambari nane niliweza. Shida ilikuwa tuta. Kila nikiliona, mkono wangu wa kushoto unaachilia kluchi wenyewe, unaenda mbele kugonga bega ambalo halipo. Pikipiki inaruka, inazima. Vijana wanashika mbavu kwa kicheko.

"Mathe, kwani unagonga nani?" Mwas akaniuliza mara ya tano.

"Bwanangu!" nikafoka. "Kuna shida?" Halafu nikalia pale pale, helmeti kichwani, hata pa kupangusia machozi sina.

Nikamweleza yote. Hakucheka. Alipanda akakaa nyuma yangu.

"Hiyo kazi si yako tena, mathe. Wewe shika kluchi. Kugonga ni ya mwenye amekaa nyuma."

Asubuhi hiyo yote tukapanda tuta na kushuka, yeye akinigonga, mimi nikipunguza. Mkono wangu ukaanza kutulia.

Jumanne moja baada ya kufaulu, nikaitoa pikipiki yetu, ambayo fundi alikuwa ameshaitengeneza, nikaisimamisha mbele ya mlango.

"Panda."

"Sipandi."

"Mutinda!" Nikamwita kwa jina, kitu ambacho mimi sifanyi. "Nimeanguka mara saba mbele ya watoto wa watu. Wameniita shosho, eti mimi bibi kizee. Unadhani nilifanya hayo ndio nibebe kabichi? Woi, hata mimi naogopa! Panda tuogope pamoja."

Akatazama barabara, akanitazama mimi.

"Na lile tuta la kanisani?"

"Utanigonga."

Nilimsaidia kupanda, goti lake gumu likabaki limetokeza kando, magongo tukayafunga kwa mpira. Nikaondoka polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nyuma yangu nilisikia anapumua kwa nguvu.

Tuta likatokea. Mkono wangu wa kushoto ukaniwasha, nikaukaza kwenye kluchi. Nikangoja. Hakuna kitu. Nikasema moyoni, amefumba macho, nimemtesa bure mume wangu.

Mara nikaguswa bega la kushoto. Mara mbili.

"Mama Maxine, punguza."

"Macho ninayo," nikamjibu, ingawa yalikuwa yamejaa machozi, nikapunguza.

Tukalivuka. Mkono wake haukutoka begani mwangu. Mwanzoni ulilishika kwa nguvu. Tulipofika lami ulikuwa bado uko pale, umetulia.