Kiingilio cha Leshan

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, mabanda ya video yalifika hadi Kilosa, lakini tangu lini mfugaji akamlipia mkulima kiingilio? Timotheo alijiuliza hivyo huku jambazi wa kwenye picha akipigwa risasi tatu na bado anakimbia. Upuuzi mtupu. Macho yake yalikuwa kwa Leshan, jirani yake wa Rudewa, ambaye mwaka jana ng'ombe wake walimaliza mahindi ya Timotheo.

"Ng'ombe wako wako wapi?" akamuuliza.

"Wanapita kando ya shamba lako, wanakwenda mtoni," Leshan akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana nimekuita. Nilitaka wewe na panga lako muwe huku."

Timotheo akarudisha macho kwenye picha. Panga alikuwa amemwachia mkewe kule shambani, tena amelinoa mwenyewe.