Funguo za Ubwa

Ubwa wa Chukwani alikuwa na lori moja kuukuu na funguo za kumtosha mwenye majumba kumi. Majumba hayakuwapo. Nyumba yake ilikuwa moja, na mlango wake ulifungwa kwa komeo. Lakini aliamini mwanamme husikika kabla hajaonekana, basi kila kufuli lililokufa mtaani, ufunguo wake ulihamia kwake, ukaning'inia pamoja na ule wa gari.

Lori likaanza kuzima njiani. Likipanda tuta tu, taa za dashibodi hupepesa, injini ikanyamaza. Ubwa hakukosa maelezo. Alilaumu betri, ikabadilishwa. Akalaumu fyuzi, zikabadilishwa zote, hata ya honi. Jaku, fundi wake wa umeme wa magari, alimkubalia kila neno, kwani mteja aliyekubaliwa hurudi. Mwisho Ubwa akalaumu husuda, akafukiza ubani mpaka ndani ya boneti.

Siku moja walikuwa wakitoka Paje na shehena ya mwani, mkewe Khairiya amekaa mbele. Kichwa kilimuuma, na mlio wa zile funguo ulimzidishia. Akazikamata kwa mkono, zikatulia. Wakavuka tuta baada ya tuta salama, Ubwa akiusifu ubani wake. Walipofika Tunguu, Khairiya akaziachia ajitengeneze ushungi. Kwenye tuta la mbele yao, lori likazima.

"Baba Tahiya," alimwambia mumewe, "hebu zinyanyue hizo funguo, kisha uwashe."

Likawaka. Khairiya akazitikisa, likazima.

Jaku alipoambiwa, alifungua kifuniko cha chini ya usukani, akaunga taa ya kupimia kwenye waya utokao kwenye swichi ya ufunguo. Kila funguo zilipotikiswa, taa ilizimika. Ule uzito ulikuwa umeila swichi kwa ndani, hata vyuma vyake havigusani sawasawa. Jaku akasema alikuwa akilishuku jambo hilo tangu mwanzo.

Swichi mpya ikatiwa, na ufunguo mmoja peke yake. Lori likatulia, ila Ubwa hakutulia. Alipita mtaani kimya, watu wakawa wanashituka kumwona. Basi akazifunga funguo zake kwenye mkanda, akatembea huku ameishika suruali.

Barazani alieleza alivyoligundua tatizo. Gari, alisema, linataka mtu wa kulisikiliza. Hamad, jirani yake, akamwomba akamsikilizie na lake, ambalo asubuhi haliwaki ila kwa kusukumwa. Ubwa akaahidi kwenda kesho yake.

Aliporudi ndani alimkuta Khairiya akichagua mchele chini ya dirisha la barazani. Akamuuliza, kwa upole usiokuwa wake, kama kesho asubuhi ana shughuli.

"Shughuli nnayo," alijibu Khairiya bila ya kuinua uso. "Mwambie Hamad aje mwenyewe kuniuliza."