Alama za Penseli kwenye Mayai ya Mtulivu

Tangu aache shule darasa la tano, mzee Kasian hakuwahi kukaa mahali pamoja miezi mitatu bila nyayo kumwasha. Amekata miwa, amechimba visima, amepikia wajenzi wa barabara. Miaka mingi zaidi aliimalizia kwenye bustani za nyoka, akifagia na kulisha, leo mji huu, kesho mji ule. Kila alipohama alibeba begi moja na chatu mmoja. Chatu mwenyewe, Mtulivu, alitotolewa mikononi mwake, mtoto wa chatu wa kufugwa, pori hakuwahi kulionja hata siku moja. Kila alipopanga chumba, kibali cha kumfuga kilitundikwa ukutani kabla ya kalenda.

Mwaka huu, wakiwa Kasulu, Mtulivu, aliyepandwa na dume wa bustani ya mwisho, akataga mayai kumi na manne, na asubuhi ya tatu akafa. Uzee tu. Chatu jike huyazungushia mayai mwili wake na kuyapa joto kwa kutetemesha misuli, lakini bibi huyu nguvu hizo alishaziacha njiani. Kasian aliyatenganisha mayai siku ileile yalipotagwa, kabla hayajagandana. Makubwa kama machungwa, ganda lake linabonyea kama ngozi. Akachora alama ya penseli juu ya kila moja, akayalaza kwenye maranda yenye unyevu ndani ya deli kuukuu, sanduku la kubebea samaki wa barafu. Balbu moja, kipimajoto, bakuli la maji. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto. Baridi ya Kasulu mwezi wa saba si ya kuchezea.

"Miaka ishirini na mbili nimetembea na mama yao," alimwambia jirani yake. "Haya ndiyo yaliyobaki, na yatatotoka. Kazi hii naijua."

Jirani huyo alikuwa Winifrida, mama Aneth, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Mtaa mzima ulimletea mayai ya kuku ayatotoe kwenye sanduku lake la taa ya chemli. Mwanzoni alilichungulia lile deli akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Mutama," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mzee kwao, "hawa wakitoka, wataniuliza mimi njia?"

"Watakuuliza panya wako wapi."

"Waje, basi. Ninao wa kutosha."

Siku ya hamsini na mbili, nyayo zikaanza kuwasha. Kasian alizikuna usiku, akazikuna mchana, mwisho akajisingizia kwamba Salumu, aliyepika naye kambini zamani, hajaonana naye siku nyingi, na Salumu yuko Kibondo. Siku tatu tu. Akamwita Winifrida.

"Joto lisishuke chini ya thelathini, lisipite thelathini na mbili. Maji unanyunyizia maranda, mayai usiyaloweshe. Basi."

"Unanifundisha mimi kutotoa?"

"Ndiyo maana nakuachia wewe."

Kibondo, kwenye mgahawa wa Salumu, chai ilikuwa nzuri na hadithi zake zilikuwa na uongo uleule wa zamani. Siku ya tatu asubuhi Kasian akapiga simu.

"Mama Aneth, wajukuu wangu wanaendeleaje?"

"Wazima! Nawageuza asubuhi na jioni, sijamruka hata mmoja. Zile alama ulizoweka zimenisaidia sana."

Kasian akaweka kikombe chini.

Anayetotoa mayai ya kuku huyachora alama ili ajue lipi limegeuzwa na lipi bado, kwa kuwa kuku naye hushinda akiyageuza kwa mdomo. Nyoka hageuzi. Mtoto wa nyoka hujishikiza upande mmoja, juu, na hapo ndipo pake mpaka atoke. Ukimpindua, unaweza kumzamisha ndani ya kiini, chakula chake mwenyewe. Alama ya Kasian ilikuwa ya kuonyesha juu ni wapi, isiondoke hapo. Aliijua habari hiyo kama anavyojua jina lake, na kwa sababu hiyohiyo hakuisema.

"Mama Aneth. Sasa hivi alama ziko juu au chini?"

"Chini. Zamu ya juu ni jioni."

Tusi lilimfika kwenye ulimi. Amtukane nani? Mwanamke amefanya kazi kama ajuavyo kazi.

"Weka simu sauti kubwa, uiweke chini. Nawa mikono. Sasa shika la kwanza, lirudishe alama ije juu, polepole, kama unamgeuza mtoto aliyelala."

"Kwani nimekosea nini?"

"Hujakosea. Mimi sikukwambia. La nyoka haligeuzwi."

"Mama we! Mutama, kwa mikono hii hii tena?"

"Mikono hiyo imetotoa vifaranga vya mtaa mzima. Shika la kwanza."

Akahesabu naye mpaka kumi na nne, Salumu akiwafukuza wateja wasipige kelele. Kisha Kasian akadandia lori la maharage lililokuwa linaelekea Kasulu, akakaa juu ya magunia, akiwa na hakika ya jambo moja tu: akifika, ataangalia kwa macho yake, hatakisia.

Alifika jua bado lipo. Winifrida alikuwa amekaa mbele ya deli kama aliyewekwa kulinda msiba. Wakajifunika kitenge kichwani wote wawili ili wapate giza, Kasian akawasha tochi ya simu na kuisogeza kwenye ganda, yai likiwa limelala palepale.

La kwanza lilikuwa la njano, limetulia kama uji wa jana, halina mshipa hata mmoja. Akalipita. La pili likawaka wekundu, mishipa imetambaa kama mizizi ya muhogo, na katikati kivuli kikajikunja.

"Amesogea!" Winifrida alimbana mkono.

"Amesogea. Mwache alale."

Kumi na mmoja wazima. Watatu basi.

"Nimewaua watatu," alisema Winifrida, kitenge bado kichwani.

"Wewe ulibaki nao. Mimi ndiye niliyekwenda Kibondo na maneno yangu mdomoni."

Akayatoa yale matatu, akayafukia alikomzika mama yao, akarudi kukaa. Nyayo ziliwasha, akazivalisha soksi.

Siku ya themanini na tano ganda la kwanza likachanika, pua ndogo ikachungulia. Kufikia jioni, saba wamechana maganda yao. Kesho yake Winifrida alikuja na sindano.

"Huyu pembeni ametoa pua tangu jana. Kifaranga ningemmegulia ganda."

"Usimguse. Anamalizia kiini kilichobaki, akishiba atatoka. Ukimvuta utamtoa damu. Usimpulizie. Usimmwagie maji. Usimgeuze. Usimsogeze. Kifuniko usikiache wazi. Usi..."

"Ego, ego, ndiyo, nimesikia! Mzee sasa unasema mpaka yasiyoulizwa."

"Nitayasema yote."

Wakatoka kumi na mmoja, mmoja mmoja, wakati wao walioutaka wenyewe. Yule wa pembeni alitoka wa mwisho, mrefu kama mkono wa mtu mpaka kiwikoni, akapita juu ya kidole cha Winifrida bila salamu. Winifrida hakuondoa kidole.

"Huyu ni wangu," alisema. "Hata akikaa kwako."

Wiki iliyofuata dada yake Winifrida kule Mabamba akajifungua. Winifrida akaja mlangoni kwa Kasian na kikapu begani na sanduku lake la taa mikononi, ndani yake mayai ya kuku, kila yai lina alama ya penseli.

"Mutama, nitakaa siku nne. Haya ya kwangu yanageuzwa."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana, jioni."

"Yanapinduka yote au nusu? Nianze upande upi? Nikikohoa?"

Winifrida alicheka mpaka akaegemea mlango, lakini alimjibu moja baada ya jingine, na Kasian akayaandika yote kwa penseli ukutani, chini ya kibali. Gari la Mabamba lilipopiga honi, nyayo zikawasha palepale. Akavuta beseni, akazitumbukiza kwenye maji baridi, akanyoosha mkono akageuza yai la kwanza.