Saa ya Joto Ilisoma Baridi

Mimi si mtu wa kupenda mashine, ingawa nimezishika miaka kumi na minne sasa. Nazijua tu, kama mtu anavyomjua jirani mgomvi. Vita vilinipeleka Burma, huko nikafundishwa kuendesha lori, na niliporudi Njombe Bwana Pembatoni, mlowezi mwenye mashamba ya pareto, akanipa lake. Nilijiona mkubwa. Nilikuwa na koti la jeshi, na mtu akinifundisha kitu nilikuwa nakunja uso kabla hajamaliza.

Aliyependa mashine ni Enoki. Alikuwa fundi wa pale shambani, Mbena wa Kilutheri kama mimi, mpole hadi ukereke. Lori lilipochoka alilifungua injini yote, akaitandaza juu ya magunia, kila nati mahali pake, na kwa wiki tatu hatukumsikia akiongea habari nyingine. Alipolifunga likanguruma kama jipya. Alikuwa amemchumbia dada yangu Tabea, harusi ingekuwa baada ya mavuno, kwa hiyo nilimwita shemeji naye akaniita hivyo hivyo. Nilimtania kwamba kwenye harusi atavaa ovaroli.

Mwezi wa sita Njombe si mahali pa mchezo. Asubuhi majani yote ni meupe kwa jalidi, na maji uliyoacha kwenye beseni nje yameganda. Kwa hiyo kila jioni madereva tulikuwa na desturi moja: unafungua koki iliyo chini ya rejeta, unamwaga maji yote ya injini, maana yakiganda humo yanapasua chuma. Asubuhi unafunga koki, unapasha debe la maji, unajaza upya. Halafu unaning'iniza gunia mbele ya rejeta ili upepo usiipige injini, na unatazama saa ya joto hapo mbele ya usukani. Mshale ukifika katikati, unakunja gunia nusu. Ukirudi chini, unalishusha. Tuliendesha hivyo kwa gunia na mshale, wala hatukuona kosa.

Enoki aliona. Siku aliyonikabidhi lori alinivuta hadi kwenye injini, akanionyesha kitu cha shaba, kirefu kama kidole, kimechomekwa ndani ya chuma.

"Shemeji, saa yako inasoma kwa hiki. Kimezama kwenye maji, kinaonja maji. Maji yakiisha, kinabaki hewani. Hapo injini inaungua na saa inakwambia baridi."

"Sawa, mwalimu."

"Sitanii. Mshale ukishuka bila sababu, simama. Toa gunia, uguse kwa mkono. Na asubuhi ukifunga koki, weka kiganja chini yake, uhesabu hadi mia. Kikibaki kikavu, nenda."

"Burma tulikuwa hatuhesabu hadi mia," nikamwambia. Akacheka, akafuta mikono, akaondoka. Ningemsikiliza ningekuwa mtu mwingine leo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na magunia ya pareto ya kupeleka Makambako, kwenye njia panda, ambako lori lingine lingeyachukua hadi Iringa. Baridi ilikuwa imenikaza vidole kama kuni. Nikaingia chini ya rejeta, nikazungusha koki kwa mkono, ikagoma, nikasema imefika. Kiganja sikuweka. Nikajaza maji, nikaning'iniza gunia, nikaondoka.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mshale ulipanda hadi katikati, nikasimama nikakunja gunia nusu. Baada ya mwendo wa saa moja hivi, nikikaribia kijiji cha Mtwango, pale nchi ilipo wazi na upepo unapita bila kuulizwa, mshale ukaanza kurudi. Ukashuka taratibu, kidogo kidogo, hadi ukalala chini kabisa. Nikasonya. Nikaulaumu upepo. Nikasimama, nikaruka chini, nikashusha gunia lote nikalifunga vizuri kwa kamba, nikarudi mbio ndani maana masikio yalikuwa yananiuma. Chini ya lori palikuwa na unyevu, lakini majani yote yalikuwa na unyevu. Nikaongeza moto ili injini ipate joto.

Naandika sentensi hiyo na bado inanichoma. Injini ilikuwa inaungua kwa kukosa maji, nami nikaivika gunia.

Haikuchukua muda. Kwanza harufu ya rangi iliyoungua, kisha mlio wa chuma kugonga chuma, kisha lori likasimama lenyewe katikati ya barabara. Nikafungua boneti. Hakukuwa na mvuke hata kidogo, ila joto lililonipiga usoni nikarudi nyuma. Nikainama chini. Koki ilikuwa haijafika mwisho, na kwenye ncha yake palikuwa na tone moja tu.

Nilikaa kando ya barabara nikiogopa. Sikumwogopa Mungu wakati ule, nilimwogopa Bwana Pembatoni. Injini ilipopoa nilifanya mambo mawili. Nilitoa koleo kwenye sanduku la vifaa nikaifunga koki sawasawa, kisha nikachukua debe nikashuka kwenye kijito, nikajaza rejeta pomoni. Ndipo nikamtuma mtu wa baiskeli apeleke habari.

Bwana alikuja mchana kwa gari lake dogo, Enoki ameketi nyuma na vifaa vyake. Bwana akafungua kifuniko cha rejeta, akaona maji. Akageuka kwangu.

"Saa ilisoma nini?"

"Baridi, Bwana. Tangu Mtwango ilikuwa chini kabisa."

Nilisema kweli tupu. Ningeweza kuapa kwa Biblia.

Enoki alikuwa ameinama kwenye injini. Akapitisha kidole palipoungua rangi, akanusa. "Imekosa maji, Bwana."

"Maji yapo. Na saa ilionyesha baridi. Saa imetoka Uingereza, haisemi uongo."

"Haikusema uongo, Bwana. Iliachwa hewani, ikasema habari za hewa."

Bwana akawa mwekundu. Akasema fundi mbaya siku zote analaumu vyombo, kwamba injini iliyofungwa vibaya hujikaza hata ikiwa ya baridi, na hii ilifungwa wiki mbili zilizopita. Enoki akainuka kutoka kwenye injini. Alinitazama mimi. Akaongea Kiswahili taratibu, mbele ya Bwana, kusudi wote tuelewe.

"Shemeji, sema."

Upepo ulikuwa unavuma. Nakumbuka lile gunia lilikuwa linapigapiga mguu wangu.

"Mimi nilitazama saa," nikasema.

Jioni ile alifukuzwa. Barua yake ya kuachishwa kazi iliandikwa kwamba ni fundi mzembe, na kwa barua ile hakuna gereji iliyomtaka, si Njombe, si Iringa. Alijaribu miezi miwili. Tabea alimwambia wafunge ndoa walime tu, akasema hataanza nyumba kwa aibu. Mwisho akajiandikisha na mawakala waliokuwa wanakusanya watu wa kwenda migodini Kusini. Walikuwa wanapandia Makambako.

Na nani aliyempeleka Makambako? Mimi. Lori lilikuwa limepata injini mpya, safari ilikuwa yangu, na yeye alikuwa na kasanduku ka mbao tu. Nikamkaribisha mbele, akasema atakaa juu ya magunia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nikifika Mtwango nitasimama. Mtwango ikapita. Nikapanga nitasema tukifika.

Tulipofika njia panda aliruka chini na sanduku lake. Akaliweka kando, akapiga goti mbele ya lori, akanyoosha mkono chini ya rejeta, akaweka kiganja chini ya koki. Alikaa hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu. Kisha akainuka, akanionyesha kiganja kikavu.

"Imefunga, shemeji. Kamwene."

Akaniaga hivyo, kwa Kibena chetu, akaenda kujipanga na wenzake. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, na hakumwambia mtu, hata Tabea.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, ilikuja barua kutoka kwa Mbena mwenzake wa huko. Mwamba ulikuwa umewaangukia watu sita shimoni, Enoki mmoja wao. Wamezikwa huko huko. Tabea aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Tulikuwa tunaishi pamoja nyumba ya marehemu baba, yeye na mimi, na siku zile hakulia mbele yangu. Siku ya tatu aliniletea ugali, akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto.

"Kaka, siku ile saa ilisoma nini?"

"Baridi," nikasema. Nilikuwa nimeshalizoea jibu hilo.

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza, wewe ulijua nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Bwana aliuliza habari za saa, majirani waliuliza habari za saa, nami nilijibu kwa usahihi kila mara. Nikamwambia. Koki, kijito, debe, koleo, yote. Sauti ilinitoka nyembamba, nikajichukia.

Tabea alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akachukua sahani yangu ambayo sikuwa nimeigusa, akaifunika ili isipoe, akairudisha mbele yangu.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Hajaolewa, hajahama, wala hajawahi kunitukana. Ananipikia, ananifulia koti, asubuhi za jalidi ananipashia debe la maji ya rejeta. Ila kaka hajaniita tena. Chakula kikiiva anasimama mlangoni na kusema, "Dereva, karibu."