Pingamizi Dhidi ya Gaudiose

Siku jina la Gaudiose lilipobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, wanawake wenzake walipiga vigelegele mpaka watu wa buchani wakatoka nje kutazama. Alicheka nao, akapigwa picha kwa simu tatu, akarudi nyumbani kwa baiskeli na furaha ambayo haikuvuka mlango. Mama yake, Bibi Séverine, alikuwa jikoni akimenya mihogo. Aliposikia habari, kisu kilisimama.

"Wameliandika wapi jina lako?"

"Ubaoni, mama, watu wote waone. Nimepitishwa kugombea uenyekiti wa kijiji."

"Jina lote?"

"Lote."

Mama aliendelea kumenya, ila mhogo ule aliumenya mpaka ukabaki kijiti.

Kijiji chao, Kanyonza, kiko mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Mpanda mjini, na karibu kila kaya pale chimbuko lake ni Burundi. Wazee walivuka mwaka 1972 wakikimbia mauaji, watoto wakazaliwa huku, na baada ya miaka zaidi ya thelathini wakaulizwa: mnarudi au mnabaki? Waliobaki waliomba uraia, wakapewa vyeti. Gaudiose alikuwa nacho chake, kimefungwa kwenye nailoni chini ya nguo za kanisani. Mumewe, Audace, alikuwa nacho chake. Bibi Séverine hakuwa nacho.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya nyumba ile. Mwaka ule wa kuchagua, Bibi alijiandikisha kurudi pamoja na kaka yake. Siku ya safari alipanda basi na gunia lake, kisha akashuka. Kwa nini alishuka, hakuwahi kumwambia mtu. Alirejea kwa binti yake kwa miguu, na tangu hapo kwenye makaratasi akawa mtu aliyekwisha kwenda zake. Miaka kumi na sita hakupiga kura, hakuandikishwa popote, zahanati alikwenda akizidiwa tu. Mgeni mwenye viatu vya kung'aa akionekana njiani, Bibi alizunguka nyuma ya nyumba akaingia migombani mpaka mgeni aondoke.

Gaudiose hakuingia kwenye uongozi kutafuta ukubwa. Pampu ya kisima iliharibika, na kwa miaka mitatu wanawake wakachota maji mtoni walikonywea ng'ombe. Mkutanoni kila mwanamke aliyenyoosha mkono aliambiwa asubiri wanaume wamalize, na wanaume hawakumaliza. Mwishowe yeye na wenzake kumi na wanane walikwenda Mpanda wenyewe, wakakaa kwenye ngazi za ofisi mpaka wakasikilizwa. Pampu ilipotengenezwa, wanawake wakamwambia: sasa kachukue fomu. Akachukua. Ubaoni majina yakawa mawili, lake na la Anselmo, aliyekalia kiti kile kwa miaka kumi na mitano.

Kesho yake alasiri Anselmo alibisha hodi.

Mama na binti walikuwa uani wakichambua maharage ya mbegu. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Anselmo alivua kofia, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi alijibu bila kuinua macho.

Mgeni aliomba maji, akanywa taratibu mpaka yakaisha. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na sauti laini kama ya katekista.

"Kumbe bado upo, mama? Mimi moyoni nilijua ulirudi na kaka yako. Siku ile ya basi nilikuwepo, hukumbuki? Ni mimi niliyekubebea gunia."

Mikono ya Bibi ilibaki ndani ya ungo.

"Mimi sina neno na wewe, Mama Emelyne," Anselmo alimgeukia Gaudiose. "Umesaidia kisima, watu wameona. Ila siasa inaleta wageni wengi. Watu wa uhamiaji wakija kukuuliza wewe, watauliza na walio nyumbani kwako. Ndiyo kazi yao, hawana kosa. Kujitoa mwisho ni keshokutwa." Akairudisha kofia kichwani. "Asante kwa maji."

Gaudiose alimtazama akiondoka, haraka hana, akisalimia watoto njiani. Alipogeuka kumwinua mama yake, aliona kitenge cha mama kimelowa, na tope dogo limeanza chini ya kigoda.

Alimwogesha kama mtoto.

Siku iliyofuata mgambo alileta barua. Mgombea Gaudiose Ntahondi amewekewa pingamizi: si raia, familia yake iliandikishwa kurejea Burundi. Afike kesho saa nne asubuhi ofisi ya kata, na afisa wa uhamiaji atakuwepo. Aliisoma mara tatu. Mchana pikipiki ilipita mbele ya nyumba polepole, watu wawili juu yake, wakafika kwenye kona, wakageuza, wakapita tena. Huenda walikuwa wanatafuta njia tu. Jioni Dorika, aliyekuwa akimsaidia kampeni, alipiga simu akasema anaumwa kichwa. Kasilda, msaidizi mwingine, naye akawa anaumwa kichwa.

"Mama Emelyne, kaondoe jina," alisema Audace wakiwa mezani. Hakusema kwa ukali. Chakula chake kilikuwa hakijaguswa.

"Cheti ninacho. Pingamizi lao halina miguu."

"Halihitaji miguu. Anselmo hataki ushindwe pale kesho. Anataka usiende. Ukienda utaulizwa mama yako yuko wapi, na utajibu nini?"

Kichwani Gaudiose aliwaona watu wakiingia uani na daftari, akamwona mama yake akipandishwa gari, mzee wa miaka sitini na sita, akashushwa ng'ambo ya mpaka kwenye nchi asiyoijua tena, kaka yake amekwisha kufa. Alichukua kalamu akaandika barua ya kujitoa, mistari minne, akaitia kwenye mkoba pamoja na cheti. Chumba cha pili mlango ulikuwa wazi kidogo. Hakujua kama mama yake alisikia.

Asubuhi kitanda cha Bibi kilikuwa kimetandikwa na mwenyewe hayupo.

Gaudiose alikwenda migombani kwanza, akaita kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti kubwa bila kujali nani anasikia. Alikwenda kisimani. Alikwenda mtoni, na pale akasimama juu ya maji ya kahawia akiyatazama, hataki kuyatazama, akitafuta kitambaa, mkono, chochote. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na mto ulikuwa umejaa. Aliona povu na matete tu. Audace alichukua baiskeli akafuata njia ya msituni, akidhani Bibi amekimbilia kwa jamaa zao wa Mishamo.

"Wewe nenda kata," alimwambia kabla ya kuondoka. "Kawape barua yao, haya yaishe. Mama nitamtafuta mimi."

Bodaboda ilimfikisha saa nne kasoro. Watu walikuwa wamejaa nje ya ofisi, na walipomwona walimpisha. Akapita katikati yao, akaingia.

Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa Bibi Séverine. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Mama," Gaudiose alinong'ona. "Toka nje. Nakuomba."

"Kaa chini, mwana wanje," alisema Bibi kwa Kirundi, mwanangu.

Maduhu, msimamizi msaidizi wa uchaguzi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua jalada. Kando yake alikaa kijana wa uhamiaji, kalamu mkononi. Anselmo alikuwa upande wa pili, na alipomwona Bibi pale, kwa mara ya kwanza uso wake ulipoteza utulivu. Alipotakiwa kueleza, alieleza hata hivyo: familia ile ilijiandikisha kurudi, mama mtu akapanda basi mbele ya macho yake, sasa binti ana haki gani ya kuongoza Watanzania?

"Mama, una la kusema?" Maduhu alimuuliza Gaudiose.

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba. Vidole vilizigusa karatasi zote mbili, nailoni ya cheti na barua iliyokunjwa, na havikuchagua. Kabla hajafungua mdomo, benchi lililia. Mama yake alikuwa amesimama.

"Nilishuka," alisema Bibi. Kiswahili chake kilikuwa kizito, chenye Kirundi ndani yake. "Anselmo amesema kweli, nilipanda. Wakaanza kusoma majina. Kule kwetu baba yangu alikuwa mwalimu. Askari walikuja shuleni na karatasi, wakasoma majina, akaitika, akapanda lori. Hatukumwona tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Sasa na mimi kwenye basi wakasoma, wakafika kwangu, wakaita. Nikashindwa kuitika. Nikashuka." Alimwonyesha Gaudiose kwa kidole. "Huyu hakujiandikisha kurudi. Alikuwa ameolewa, ana karatasi yake mwenyewe. Kama kuna kosa, ni langu. Muulizeni yeye mambo yake, na mimi mniulize yangu."

Gaudiose alitoa mkono. Nailoni ilimshinda kufungua, ikabidi aichane kwa meno. Akakiweka cheti mezani.

Maduhu alikisoma mbele na nyuma, akakilinganisha na fomu, namba kwa namba. Ilichukua muda mrefu. Nje mtu alikohoa.

"Pingamizi linamhusu mgombea," alisema hatimaye. "Mgombea ni raia. Mama yake hagombei. Limetupwa."

Vigelegele vilianza nje, lakini Gaudiose hakuvisikia. Alikuwa akimtazama kijana wa uhamiaji, aliyekuwa amefungua ukurasa mpya.

"Bibi," alisema kijana, bila ubaya, "jina lako kamili?"

Bibi Séverine alilitaja. Kijana alikosea kuliandika, naye akamtajia tena, polepole. Akaambiwa afike ofisini Mpanda Jumatatu.

Gaudiose alishinda kwa kura thelathini na moja. Dorika na Kasilda walipona vichwa, wakaja kucheza uani. Anselmo alimpa mkono mbele za watu, mkono mkavu, na tangu siku hiyo anamsalimia kwa cheo.

Mama yake huenda Mpanda kila mwanzo wa mwezi kuripoti. Jalada lake limepelekwa juu, na ofisini huwaambia kwa upole wasubiri. Hakuna aliyesema atarudishwa, wala aliyesema hatarudishwa. Mara mbili za kwanza Gaudiose alimsindikiza. Mara ya tatu siku iligongana na mkutano wa kijiji, na Bibi akakataa kusindikizwa. Alipanda bodaboda peke yake, gauni la Pasaka, mkoba kifuani, akaahidi kupiga simu akimaliza.

Mwenyekiti akafungua mkutano simu ikiwa mezani mbele yake. Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, Rosine, ambaye hajawahi kusema mkutanoni, alinyoosha mkono nusu, akaurudisha. Gaudiose alimwambia asimame aseme. Alipokuwa akimsikiliza, jicho lake moja lilikuwa kwenye simu, ambayo ilikuwa haijalia. Ilikuwa saa sita kasorobo, na mara zote mbili mama alikuwa amemaliza kabla ya saa tano.